Kidonda Kilichofungwa Mapema

Masomo: 2 Wafalme 20:1–7, Marko 8:22–25

Wapendwa washarika, naanza na ungamo. Miaka kadhaa iliyopita, nikihudumu katika usharika mmoja wa eneo la machimbo upande wa Geita, nilimshukuru Mungu mbele ya kanisa zima kwa mguu ambao ulikuwa haujapona. Nilifanya hivyo kwa furaha na kwa imani. Lakini shukrani yangu ile ilikaribia kumpotezea kijana mguu wake, na tangu hapo nimekuwa nikijiuliza swali ambalo nataka tulitafakari pamoja: je, kusema kwamba hujapona ni upungufu wa imani?

Kijana huyo, ambaye sitamtaja jina, alikuwa mchimbaji mdogo. Siku moja wakati wa mvua matimba yalilegea, ukuta wa duara ukashuka, na jiwe likamvunja mfupa wa ugoko. Wenzake walimtoa upesi. Kila anayeishi ukanda wetu anajua neema hiyo ni kubwa kiasi gani. Tunakumbuka mwaka 2015 kule Nyangalata, Kahama, watu watano walivyotolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Kwa hiyo alipotolewa akiwa anapumua, sisi tulisema Bwana ametenda, na ni kweli Bwana alitenda.

Mfupa ulikuwa umetoboa ngozi na kutokeza nje, ukiwa na udongo wa duara. Hospitalini walimwosha, wakamwekea chuma, wakampa dawa na tarehe ya kurudi. Baada ya wiki kadhaa ngozi ikafunga. Akaanza kutembea na gongo moja, kisha bila gongo. Sikukuu ya Mavuno ilipofika, mimi mwenyewe ndiye niliyemwita mbele. Alipandisha suruali hadi gotini, kanisa likaona kovu, vigelegele vikapigwa, kwaya ikaimba. Nikasema kwa kipaza sauti kwamba Bwana amemaliza kazi yake katika mguu huu. Tarehe ya kurudi hospitali ilikuwa bado mbele yake. Hakwenda. Angeendaje, wakati mchungaji wake alishatangaza kwamba kazi imekwisha?

Kama miezi mitatu baadaye, mama yake alinijia nyumbani usiku. Alinisalimu, akakaa kimya kwa muda mrefu, kisha akasema, "Baba Mchungaji, mguu wa mwanao unanuka."

Nilimkuta kijana amelala na soksi ndefu. Chini ya kovu lile tulilolipigia vigelegele palikuwa na kitundu kidogo kama cha sindano ya kushonea magunia, kinachotoa usaha. Kilikuwa pale kwa zaidi ya mwezi. Alikuwa akinunua dukani vidonge vya rangi mbili, leo viwili, kesho kutwa vinne, kadiri ya fedha aliyokuwa nayo. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akaangalia chini, akasema, "Shikamoo, Baba. Nilishatoa ushuhuda. Niliogopa kumwaibisha Mungu."

Neno hilo sijalisahau.

Kilichokuwa kikiendelea ndani

Daktari wa mifupa aliyemhudumia baadaye, katika hospitali ya rufaa, alinieleza jambo ambalo sikufundishwa chuo cha theolojia. Mfupa ni kitu hai. Una mishipa ya damu, una chembe hai zinazobomoa na kujenga kila siku. Unapovunjika na kutoka nje, vipande vingine hukatikiwa na damu vikafa. Bakteria wakishaingia, hujishikiza kwenye kipande hicho kilichokufa, au kwenye chuma, na kujifunika kwa utando wao wenyewe. Hapo vidonge huhangaika. Dawa unayomeza husafiri kwa njia ya damu, na mfupa uliokufa hauna damu. Dawa huzunguka mwili mzima ikafika kila mahali, isipokuwa pale inapohitajika zaidi.

Ndiyo maana ngozi inaweza kufunga vizuri kabisa juu ya mfupa unaooza. Kovu la nje halisemi lolote juu ya hali ya ndani. Na ndiyo maana tiba yake ni ngumu na huchukua muda. Daktari hufungua tena, huondoa kila kipande kilichokufa mpaka afikie mfupa unaotoa damu, huushikilia mguu kwa vyuma, kisha dawa hutolewa kwa wiki nyingi, mara nyingi sita au zaidi. Lakini akishaondoa kilichokufa hubakiwa na tatizo jipya: pengo. Ni sentimeta kadhaa za utupu katikati ya mfupa, na utupu huo ukiachwa hujaa damu iliyoganda na majimaji, na bakteria waliobaki hurudi kujenga humo.

Wengi wetu tuliwahi kuvuka Ghuba ya Mwanza kwa kivuko tukimpeleka mgonjwa Bugando, tukisubiri foleni pale Busisi huku mgonjwa akilia. Tangu Juni 2025 tunapita juu ya daraja la takriban kilomita 3. Basi mfikirie mfupa uliopungukiwa kuwa ni Kigongo na Busisi. Huku kuna uhai na kule kuna uhai, ila katikati hakuna pa kukanyaga. Chembe za mfupa haziwezi kuruka. Zinahitaji njia, na njia hiyo iwe safi.

Wanadamu wameitafuta njia hiyo kwa muda mrefu. Mwaka 1892 daktari Mjerumani aitwaye Dreesmann alieleza jinsi alivyojaza mapengo ya mifupa kwa plasta ya Paris, yaani unga wa jasi iliyochomwa, ileile jamii ya plasta tunayofungiwa mguu uliovunjika, akiwa ameichanganya na dawa ya kuua vijidudu. Katika karne ya 20 wakaja wengine waliotumia saruji maalumu ya mifupa iliyochanganywa na antibiotiki, wakaitengeneza kama shanga na kuzipanga ndani ya pengo. Shanga hizo husaidia hadi leo, ila haziyeyuki, na kwa kawaida hulazimu kufungua mguu mara ya pili ili kuzitoa.

Siku hizi wanasayansi wanashughulika na kitu laini zaidi, kinachoitwa haidrojeli. Jina lisiwatishe. Mama yeyote aliyewahi kupasua pampasi ya mtoto iliyojaa ameshaiona haidrojeli: ule unga mkavu ambao ukinywa maji huwa kama mlenda mzito. Ni wavu mwembambamwembamba unaoshika maji mengi bila kuyaachia ovyo. Mwaka 1960 wanasayansi wawili wa Prague, Wichterle na Lím, waliandika kwamba vitu vya namna hii vinaweza kukaa na mwili wa binadamu kwa amani, na kutokana na kazi yao zikapatikana lenzi laini za macho. Wavu huo unaweza kutengenezwa kwa vitu vya kawaida vya uumbaji wa Mungu: magamba ya kamba na kaa, mwani wa baharini, hata ngozi na mifupa ya wanyama.

Ndani ya wavu huo huwekwa antibiotiki au kitu kingine kinachoua bakteria, pengine na madini ya kalsiamu ambayo mfupa huyapenda. Jeli hupakwa au kudungwa mahali pale pale penye pengo. Hulijaza, ikifuata kila kona. Huachia dawa kidogo kidogo, kwa kiwango ambacho kidonge cha kumeza hakiwezi kufikisha pale bila kuudhuru mwili mzima. Chembe za mfupa hutambaa ndani yake, na kadiri mfupa mpya unavyokua, jeli huyeyuka. Ni kama mirunda inayoshikilia slabu: zege likishakomaa, mirunda huondoka, na hakuna anayeikumbuka.

Nisiwape matumaini ya uongo, maana ndiko kulikonikosesha. Sehemu kubwa ya kazi hii bado iko maabara na kwa wanyama wa majaribio. Kule Ulaya ipo jeli inayopakwa juu ya vyuma vya mifupa wakati wa upasuaji ili kuvilinda na bakteria, lakini ile ndoto ya kujaza pengo kubwa kwa jeli peke yake haijawa huduma ya kawaida. Jeli ni laini, haibebi uzito wa mtu, kwa hiyo vyuma bado vinahitajika. Na zaidi ya yote, daktari yule aliniambia jambo moja ambalo nililiandika kwenye daftari langu la mahubiri: hakuna jeli, hata iwe bora namna gani, inayowekwa juu ya mfupa mfu. Kwanza kilichokufa kiondolewe. Ukijaza juu ya uozo, umeufungia uozo ndani.

Tini za Hezekia

Mtu mmoja aliposikia nikisimulia haya aliniuliza, "Baba Mchungaji, kama Mungu ndiye mponyaji, haya ya jeli na magamba ya kaa yanatuhusu nini?" Ni swali zuri, na Biblia inalijua.

Mfalme Hezekia alikuwa mgonjwa wa kufa. Aliomba kwa machozi, na Mungu akamjibu kwa kinywa cha Isaya: ataponywa, siku ya tatu atapanda nyumbani kwa Bwana, ataongezewa miaka 15. Ahadi haikuwa na shaka yoyote. Na baada ya ahadi hiyo, nabii yuleyule aliagiza waandae andazi la tini, na likawekwa juu ya jipu. Hezekia hakusema kwamba Neno limeshatoka, tini za nini tena. Tini hazikushindana na Neno. Zilikuwa mkono ambao Neno lilijifikishia kwenye kidonda.

Wengine hunitajia Mfalme Asa, aliyeugua miguu na kulaumiwa kwamba aliwatafuta waganga wala hakumtafuta Bwana. Fungu hilo, 2 Mambo ya Nyakati 16:12, limetumika kuwazuia wengi wasiende hospitali. Lakini someni sura nzima. Mistari michache kabla ya hapo, mwonaji alimwendea Asa na kumwambia ukweli, na Asa akakasirika, akamtia gerezani. Mtu aliyefika kwa waganga na miguu yake mibovu alikuwa amekwisha kumfungia gerezani msema kweli. Kosa lake halikuwa kutafuta tiba. Alikuwa amefunga kidonda cha moyo wake kabla hakijasafishwa.

Martin Luther naye, tauni ilipoikumba Wittenberg mwaka 1527, aliandika barua ndefu kumjibu mchungaji mwenzake aliyeuliza kama Mkristo anaweza kukimbia. Yeye alibaki kuhudumia wagonjwa, lakini aliwakemea wale waliodharau dawa na tahadhari wakidhani hiyo ndiyo imani. Kwake huko kulikuwa kumjaribu Mungu, aliyeumba dawa na kutupa akili ya kuitunza miili yetu.

Kwa hiyo mtu anayechunguza magamba ya kaa maabara ili kuokoa ugoko wa mchimbaji asiyemfahamu anafanya kazi ya Mungu, ajue asijue. Hilo kwangu si gumu. Gumu zaidi ni lile swali la kwanza: kijana wangu aliogopa kumwaibisha Mungu kwa kusema ukweli. Alijifunza wapi hofu hiyo?

Alijifunza kwetu.

Kipofu aliyesema kweli

Katika Injili ya Marko kuna uponyaji ambao ningetamani usomwe kila tunapoandaa ibada ya shuhuda. Yesu anamtoa kipofu nje ya kijiji cha Bethsaida, anaweka mikono juu yake, kisha anamuuliza kama anaona kitu. Mtu yule angeweza kusema, "Naona!" Aliyemgusa ni Mwana wa Mungu mwenyewe. Badala yake akasema jinsi ilivyokuwa: anaona watu, lakini kama miti inayotembea. Hakuona vizuri, na akasema hivyo.

Yesu hakumkemea kwa imani ndogo. Alimwekea mikono tena, ndipo akaona vyote sawasawa. Fikirini kama yule mtu angeshikwa na aibu, akapiga vigelegele, akarudi kijijini akijigonga kwenye miti. Ukweli wake ndio uliofungua mlango wa mguso wa pili.

Sisi tumejenga ibada ambamo mguso wa pili hauna nafasi. Shuhuda zetu lazima ziishe vizuri. Anayesimama mbele lazima awe amepona, amepata kazi, ndoa yake imetulia. Hatumwiti yule aliye katikati ya safari. Kwa hiyo watu hufunika kitundu kwa soksi. Mwanamke anayepigwa nyumbani huvaa kitenge kizuri na kuimba sauti ya kwanza. Ndugu wawili waliogombea mashamba hupeana mikono mbele yangu, wazee wa kanisa wanapiga makofi, tunaandika kwenye kumbukumbu kwamba suala limekwisha, na usaha unaendelea chini ya ngozi. Nabii Yeremia aliwalaumu makuhani kwa kosa hilihili, la kutibu jeraha la watu kijuujuu. Wahenga nao walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Sisi Walutheri hatuna udhuru, maana tumefundishwa. Kule Heidelberg mwaka 1518, Luther alitofautisha theolojia ya utukufu na theolojia ya msalaba. Ya kwanza huita kibaya chema ili Mungu aonekane mkubwa. Ya pili hutazama mambo jinsi yalivyo, kwa sababu inamtafuta Mungu msalabani, kwenye majeraha yaliyo wazi. Na kila Jumapili, kabla ya Neno na kabla ya meza ya Bwana, tunaungama. Tunaanza ibada kwa kufungua kidonda. Ondoleo la dhambi huja baada ya hapo, wala si kabla. Huo ndio utaratibu wa daktari wa mifupa, nasi tulikuwa nao siku zote bila kuuelewa.

Mungu hahitaji tumfichie aibu. Bonde la mifupa la Ezekieli linaanza na nabii kutembezwa kuizunguka mifupa ile, aone kwamba ni mingi, na kwamba ni mikavu sana. Neno la uhai lilikuja baada ya kuutazama ukavu huo sawasawa. Hakuna jeli ya kuhuisha mfupa mfu. Hilo ni la Mungu peke yake. Lakini hata Yeye hakumruhusu nabii aruke hatua ya kutazama.

Deni letu

Yako mambo ya mikono pia. Daktari yule aliniambia kwamba vile vidonge viwili viwili vya dukani huwafunza bakteria kuizoea dawa, na dawa iliyozoewa haitamsaidia hata jirani atakayeihitaji kesho. Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya juu ya jambo hilo alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945. Kumaliza dozi kama ulivyoelekezwa ni kumpenda jirani. Ni Amri ya Tano katika maisha ya kila siku, kwa maana Katekisimo inatufundisha kwamba amri hiyo haituzuii kuua tu, inatutaka pia tumsaidie jirani katika mahitaji ya mwili wake.

Vilevile kijana wangu hakukosa kurudi hospitali kwa sababu ya ushuhuda peke yake. Alikosa nauli pia. Usharika wetu ulikuwa na kamati ya mazishi, na kama angekufa tungechanga siku hiyohiyo jeneza, turubai na ng'ombe. Kwa nauli ya kwenda kliniki hatukuwa na kamati. Msamaria mwema alimimina mafuta na divai, akampandisha majeruhi juu ya mnyama wake, akalipa dinari mbili, kisha akaahidi kupita tena akirudi. Sisi huhubiri mafuta na divai, tukasahau safari ya kurudi. Na wenye maduara na makarasha waliomo katika viti vyetu wasikie: mtu aliyevunjika akichimba dhahabu yako hajamalizana nawe siku aliyotolewa shimoni.

Mguu wa kijana yule ulifunguliwa upya. Kipande cha mfupa mfu kilichotolewa kilikuwa na urefu wa kidole changu cha shahada. Hakukuwa na haidrojeli kwa ajili yake. Kulikuwa na vyuma vya nje, kusafishwa mara kwa mara, dawa kwa saa, na miezi mingi. Mguu ulibaki, mfupi kidogo kuliko mwenzake. Hawezi tena kushuka duarani. Anatengeneza simu.

Kabla sijahamishwa aliomba kusimama tena mbele ya kanisa. Niliogopa, nikakubali. Alisema maneno machache: "Mara ya kwanza niliwaambia nimepona. Sikuwa nimepona. Leo natibiwa, bado ninachechemea, na Mungu yupo." Akakaa. Hapakuwa na vigelegele. Baada ya ibada watu wanne walinisubiri nje ya ofisi, kila mmoja akitaka kuzungumza nami peke yake. Nilikuwa nimehudumu pale miaka mingi, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kunijia.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyewaonyesha wanafunzi wako majeraha yako ukiwa umekwisha kufufuka, utuondolee hofu ya kuonyesha yetu. Safisha kabla hujafunga. Wabariki wanaotafuta tiba kwa ajili ya mifupa ya watu wasiowajua. Na pale tunapoona watu kama miti, utuguse tena. Amina.